Jicho la Droni Halijui Umbali

Kata ya Issenye, mkoani Mara, Tanzania, imepakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na nyuma ya mapori hayo iko Hifadhi ya Serengeti, ambako maputo ya watalii yamekuwa yakipaa alfajiri tangu mwaka 1989. Puto halina usukani. Linakwenda unakolipeleka upepo. Anayeliona kwa mbali huona kiduara kinachoning'inia angani, na akikosa mti au kilima cha kulinganishia, hawezi kujua kama ni kitu kikubwa kilicho mbali au kidogo kilicho karibu. Shida hiyo hiyo ndiyo kiini cha video ya kijeshi iliyozua gumzo duniani Septemba 2025, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba haitoshi kuwa ushahidi wa chombo cha ajabu.

Tarehe 9 mwezi huo, mbunge wa Marekani Eric Burlison alionyesha mbele ya kamati ya Bunge video aliyosema ilirekodiwa Oktoba 30, 2024, nje ya pwani ya Yemen, na droni ya kijeshi aina ya MQ-9. Duara jeupe linaonekana likipita juu ya bahari, kama linakimbia. Kwa maelezo ya mbunge huyo, droni nyingine ikarusha kombora la Hellfire. Kombora linaligonga, linapinda, na duara linaendelea na safari huku vipande kadhaa vikiandamana nalo. Wengi wakakata shauri papo hapo: kitu kinachohimili kombora hakikuundwa na binadamu.

Tuanze na hiyo kasi. Abiria wa basi la Bunda kwenda Mugumu akitazama dirishani huona migunga ya kando ya barabara ikirudi nyuma mbio, na vilima vya mbali vikijikokota. Migunga haijang'oka, mwendo ni wa basi. Droni nayo iko mwendoni, tena juu sana. Kamera yake ikikaza kwenye kitu kilicho kati yake na bahari, maji yaliyo nyuma ya kitu hicho huonekana yakikimbia, na mtazamaji hukipa kitu mwendo ambao kwa kweli ni wa droni. Jambo hili limekwisha kupimwa. Video ya GoFast, iliyorekodiwa na ndege ya kivita ya Marekani mwaka 2015, ilionekana kuwa na kitu kinachopaa kwa kasi kubwa karibu na mawimbi. Lakini kioo cha kamera kilikuwa na tarakimu za umbali na pembe, kwa hiyo hesabu iliwezekana. Jopo la wanasayansi wa NASA lilipozikokotoa mwaka 2023, lilipata kitu kilichokuwa yapata kilomita 4 juu ya bahari, kikienda kama kilomita 64 kwa saa, mwendo ambao hata upepo wa kimo hicho unao. Kwa video ya Yemen, umma haukupewa umbali wala kimo. Pasipo umbali hakuna kasi, na hata ukubwa wa kitu haujulikani.

Na kombora je? Hoja hii ni nzito, nami siipuuzi. Lakini Hellfire ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kuvunja vifaru, yaani chuma kigumu kilicho ardhini. Kugonga kitu chepesi kinachoelea ni jambo jingine: kombora linaweza kukipasua na kupita bila kulipuka. Vile vipande vinavyoandamana na duara, kwa maoni yangu, vinadokeza kitu kilichoumia, si kitu kisichoumia. Sisemi lilikuwa puto. Nasema puto halijaondolewa kwenye orodha.

Wapo watakaosema wanajeshi wana ujuzi, na kama wao wameshindwa kukitambua, sisi ni nani? Ujuzi wao ni wa kweli, ila kutotambulika ni habari ya upungufu wa taarifa, si ya asili ya kitu. Ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayochunguza matukio haya ilieleza katika ripoti yake ya Machi 2024 kwamba haijapata ushahidi wa teknolojia kutoka nje ya dunia.

Linganisha na tukio la jirani zetu Kenya. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Wanakijiji walishangaa, kwa haki kabisa. Lakini pete ilikuwepo, ikapimwa, ikapigwa picha kutoka kila upande, na baada ya siku mbili tatu Shirika la Anga la Kenya likatangaza kwamba ni kipande cha roketi. Duara la Yemen halijapata nafasi hiyo. Mpaka umbali wake utolewe hadharani, video ile inaonyesha kwamba kombora liligusa kitu, na haionyeshi zaidi ya hapo.