Shahada ya Meno Haivuki Mpaka Yenyewe

Mzazi wa Moshono, Arusha, anayetaka mwanawe asomee udaktari wa meno ng'ambo aanze na leseni, si chuo. Kwa kawaida Uingereza humtahini upya aliyesomea nje ya Ulaya, na majimbo mengi ya Marekani humrudisha darasani miaka miwili au zaidi. Hata akirudi nyumbani, Baraza la Madaktari Tanganyika lazima limsajili.

Kweli, hapa nchini nafasi za kusomea meno katika chuo kikuu cha MUHAS ni chache. Lakini kazi ipo mlangoni: maji mengi chini ya Mlima Meru yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ndiyo sababu ya meno ya kahawia ya wenyeji wengi. India na China zina tatizo hilohilo, kwa hiyo ujuzi wa kutibu meno hayo unauzika. Kabla ya kulipa ada, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama chuo kinatambuliwa.