Siku moja ya kupumzika Mbiye: tuipange sawa vile tunapanga kazi

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa sendika, mama mmoja alisimama kule nyuma, mtoto mgongoni. Hakuomba dawa wala pesa ya shule. Alisema: «Miaka kumi na mbili niko na bwana yangu. Namuona usiku akirudi, namuona akigonjwa. Siyamuona hata siku moja amekaa bure na batoto wake.» Watu wakacheka. Halafu wakanyamaza, juu kila baba aliyekuwa pale alijua ni yeye anasemwa.

Hapo ndipo lilianza shauri la kwenda kisiwani Mbiye, siku moja tu, asubuhi kwenda na mchana kurudi, wachimbaji pamoja na bibi na watoto wao. Wengi walifurahi. Lakini mzee mmoja, ambaye ameacha vidole viwili ndani ya shimo, alikataa. «Sanduku ya sendika ni ya matanga na magonjwa. Sisi tunalala njaa, ninyi munataka kwenda kucheza mu mayi?»

Tulimsikiliza, juu ana haki. Sanduku ya matanga haitaguswa. Tulikubaliana kufanya likelemba ya pembeni: kila familia inatoa kidogo kila Jumamosi, mama mmoja anashika pesa, mama mwingine anashika kaye, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Anayeshindwa kutoa pesa atatoa ndizi ao mihogo. Wajane wa wenzetu waliofia kazini watakwenda na watoto wao bila kutoa kitu.

Kwa nini tunalikazania jambo hili? Tangu mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano kwamba mfanyakazi wa kiwanda na wa mgodi apate masaa 24 ya kupumzika ndani ya kila siku 7. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo inatambua mapumziko ya kila juma. Lakini siye wengi hatuna kontra. Shimo halijui Jumapili, na PDG wa shimo naye haijui. Mbaya zaidi, wakati wa vakansi, mwezi wa 7 na wa 8, watoto wetu wengi hawapumziki: wanatufuata kwenye machimbo, wanabeba udongo, wanaosha mchanga. Mtoto anarudi shuleni mwezi wa 9 akiwa amechoka kuliko alivyotoka. Siku moja haiwezi kuponya hayo yote. Lakini mtoto aliyemuona baba yake akipumzika atajua kwamba mtu si koleo.

Sasa, kwa nini Mbiye? Kwanza, sisi ni watu wa kisiwa hata tukisahau. Wazee wanatuambia jina Kisangani maana yake ni «kisiwani». Hata kituo ambacho Stanley alikiweka hapa mwaka 1883 kilikuwa juu ya kisiwa, karibu na maporomoko. Mbiye iko palepale upande wa juu wa mji, katikati ya mto, urefu wake karibu kilometa 14. Ncha yake ya chini inakaribia maporomoko ya Wagenia, ya mwisho katika yale saba yanayoanza upande wa Ubundu. Wanafunzi na waalimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanakwenda kule siku nyingi kusoma miti, juu msitu mzito umebaki karibu kabisa na mji. Lakini ukiuliza katika mitaa ya Mangobo ao Kabondo, utakuta watu wazima ambao hawajakanyaga kule hata mara moja.

Huko Ulaya watu wako na visiwa vyao vya kupumzikia. Ufaransa kuna Île de Ré: watu wanalala kwenye mchanga, halafu wanakwenda kuonja divai ya mizabibu iliyopandwa palepale. Tangu 1988 daraja linawafikisha na gari. Siye hatuna daraja la Mbiye, wala mizabibu. Mzabibu unataka majira makavu ili matunda yaive bila kuoza, ndiyo maana ndugu zetu wa Tanzania wanaulima Dodoma, kwenye ukame, na hapa kwetu mvua haitoki kabisa mwaka mzima. Na hata neno «bichi» kwetu si mahali pa kulala juani: ni pale mtumbwi unapopakia makala na mihogo, na mtu wa kodi amekusimamia.

Lakini mchanga tuko nao. Katikati ya mwaka maji ya mto yanashuka, na mchanga mweupe unatoka kandokando ya visiwa. Ni wakati huohuo wa vakansi. Ndiyo maana tumechagua Jumapili moja ya mwezi wa 8. Na mahali pa divai tuko na libondo. Asubuhi ni tamu, hata mzee asiye na meno anaifurahia. Mchana imekwisha kuchacha, na jioni inaangusha watu. Tujue pia kwamba mti wa libondo ukikatwa kichwani kugemwa, unakufa. Basi tusibishane bei na mgemaji kama vile anatuuzia maji ya mvua.

Wandugu, hatutaficha kwamba safari hii si ya kwanza. Miaka miwili iliyopita familia kadhaa za kwetu zilijaribu. Mwenye mtumbwi alikubali watu 25. Asubuhi tulikuta amekwisha kuingiza abiria wengine na magunia ya makala. Tulinung'unika, lakini tuliingia, juu watoto walikuwa wamevaa nguo za sikukuu na hakuna aliyetaka kuwarudisha nyumbani. Katikati ya maji motere ikazimika. Hapakuwa na kasia hata moja, wala nanga. Na yule anayejua mto anaelewa: hapo juu ya maporomoko, motere ikizimika, mto haukungoji. Unakuvuta kwenye mawe. Tulianza kusikia mlio wa maji. Wavuvi Wagenia walituona, wakatoka na mitumbwi miwili, wakatupa kamba, wakatuvuta mpaka kando. Hakuna aliyekufa. Mtoto mmoja aliyeanguka wakati wa kuvutwa alikunywa maji mengi, akalala hospitali siku mbili. Ile siku hatukufika Mbiye.

Kosa lilikuwa la mwenye mtumbwi, na lilikuwa letu pia. Kwenye machimbo tunakataa kushuka ndani ya shimo lenye nyufa. Kwa nini kwenye maji tulishuka? Ndiyo maana safari hii tumeiandika kwenye karatasi, na mambo haya hayabadiliki:

Mtumbwi kwanza. Tutapakilia upande wa juu wa maporomoko, na delege wawili watahesabu watu mmoja mmoja kwa orodha. Idadi ikitimia, hakuna «ongeza mmoja tu». Hakuna gunia, hakuna mbuzi, hakuna rafiki wa nahodha. Mwenye mtumbwi atapokea nusu ya pesa asubuhi, na nusu jioni tukirudi wote. Mbele ya kuondoka tutaangalia wenyewe: makasia manne, upondo, nanga yenye kamba ndefu, buji ya akiba, petroli ya kutosha kwenda na kurudi. Kimoja kikikosa, tunarudi nyumbani, hata watoto walie.

Pili, jile. Kila mtu avae yake, mkubwa kwa mdogo, tangu kando mpaka kando. Jile ya mtu mzima kwa mtoto ni mtego: akianguka inapanda juu ya kichwa, yeye anateleza chini. Za watoto ziwe za kipimo chao na mkanda upite katikati ya miguu. Hizo tunazitafuta za kukodi tangu sasa. Tukipata jile 60, watu 60 ndio watakwenda. Bidoni tupu ya litre 20 iliyofungwa vizuri, na kamba yake, ni nzuri ya kumtupia mtu aliyeanguka, lakini haichukui nafasi ya jile.

Tatu, saa. Kuondoka saa moja asubuhi, na saa tisa kila mtu awe amekusanya vitu vyake. Kwetu hapa jua linaingia karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na hatutaki giza litukute ndani ya mto. Upepo ukianza na wingu likiwa jeusi, tunabaki kando hata kama tumechelewa. Anayekwenda kazini usiku ule asiandike jina.

Nne, kuogelea. Mchanga wa mto unadanganya: hatua tatu maji yako magotini, hatua ya nne hakuna chini. Tutafunga kamba yenye bidoni kuonyesha mwisho, na watu wanne watalinda kwa zamu. Anayelinda hanywi libondo. Nahodha hanywi kabisa. Lotoko haivuki.

Tano, chakula. Mama wamekwisha kugawana kazi: lituma, sombe, kwanga, maji ya kunywa yaliyochemshwa. Samaki hatubebi. Samaki tutanunua kwa wenyeji na kupika liboke palepale. Sasa baba pia wamepewa kazi: kuosha vyungu na kubeba takataka zote kurudi nazo mjini. Kama siku hii ni ya kupumzika, na mama apumzike.

Jambo la sita ndilo lilitushinda kulitabiri. Majuzi tulituma watu wanne kwenda kuomba ruhusa kwa mkubwa wa kijiji pale Mbiye. Walipokewa vizuri, wakapewa viti. Walipojitambulisha kwamba ni wachimbaji, mzee alinyamaza kidogo, halafu akauliza: «Munakuja kupumzika, ao munakuja kupima udongo?»

Tuseme kweli, lile swali lilituuma. Lakini mzee ameona vile mambo yanakwenda. Mahali mchimbaji amefika na kuokota kitu kimoja kinachong'aa, wiki inayofuata kuna mahema, mwezi unaofuata hakuna shamba. Na msitu wa Mbiye umekwisha kuliwa upande kwa mashamba na makala. Tena, wakati wajumbe wetu walikuwa wakingoja jibu, mmoja wao alikuwa amechuchumaa kandokando ya maji, amechota mchanga kwa mikono miwili na kuuzungusha polepole, sawa vile tunafanya kila siku. Hakutafuta kitu. Mikono yake tu ndiyo haikujua kukaa bure. Wenzake walipomuita alisimama na haya, akautupa.

Tuliahidi mbele ya mzee: hakuna chekecheke, hakuna koleo, hakuna karai, hakuna mti utakaokatwa. Kuni tutanunua kwao. Tutakaa pale tutakapoonyeshwa. Mtu wetu akivunja neno hili, faini italipwa na sendika, na yeye hataandikwa tena. Mzee alijibu: «Basi muje. Mulete batoto.» Na wavuvi wale waliotuvuta na kamba, wawili kati yao wamekubali kuwa na sisi ile siku, mtumbwi wao karibu na wetu. Watalipwa kama wafanyakazi, maana ni kazi.

Sasa imebaki kwenu. Orodha iko kwa mama mshika kaye, na inafungwa jile zikitimia. Walio kwenye machimbo ya njia ya Banalia na ya Bafwasende watume majina kupitia delege wao. Andikeni umri wa kila mtoto na uzito wake, juu ya jile. Semeni nani hajui kuogelea, bila haya: wengi wetu hatujui, na miaka yote tumekuwa tukiosha mchanga ndani ya mito.

Yule mzee wa vidole viwili alikuja juzi. Bado anasema tunapoteza pesa. Lakini alileta shada moja la ndizi na majina ya wajukuu watatu. Tulimuuliza jina lake mwenyewe tuandike. Akasema atafikiri. Tumemwachia nafasi.