Ndugu Yako Akishindwa Kumeza Ugali

TUSEME kaka yako ni dereva wa lori. Miezi minne iliyopita alilalamika kwamba ugali unamkwama kifuani. Alinunua dawa za vidonda vya tumbo dukani, akapata nafuu ya siku mbili tatu. Baadaye zahanati ikamwongezea dawa nyingine za asidi. Sasa anakunywa uji tu, suruali inampwaya, na tajiri wake amempa dereva mwingine funguo za lori.

Msomaji, kisa cha namna hii si kigeni, hasa Bomet na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako saratani ya umio imewapata wengi. Umio ni mfereji unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Uvimbe ukiota humo, aghalabu mgonjwa hushindwa kwanza na nyama na ugali, kisha uji, na mwisho hata maji. Dalili za mwanzo zinaweza kudhaniwa kuwa za vidonda vya tumbo, na hapo ndipo miezi hupotea.

Usianze kwa lawama. "Si nilikuambia uende hospitali?" ni maneno yasiyomponya mtu. Huenda hata wewe ulimshauri anywe maziwa apoe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Miezi iliyopita haitarudi, lakini wiki hii bado iko mikononi mwenu.

Uliza kipimo

Mtu ambaye chakula kinamkwama na huku anakonda hafai kuongezewa dawa za asidi bila kuchunguzwa. Fuatana naye kwa daktari, uulize waziwazi: "Daktari, kaka yangu ameangaliwa umio kwa kamera?" Katika kipimo hicho, mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani hadi kwenye umio. Kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara, na hicho ndicho huthibitisha kama ni saratani.

Usiondoke kabla ya kuambiwa majibu yatatoka lini. Siku hiyo ikifika, yafuatilieni bila kungoja kuitwa. Nunua faili moja, utie humo kila karatasi, ili asianze upya kila anapokutana na daktari mwingine.

Linda riziki ya nyumbani

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hesabu mwenyewe: ni wiki mbili tu. Kwa hivyo mpelekeeni mwajiri cheti cha daktari mapema, pamoja na barua.

Angalia pia bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Akiachishwa kazi, makato hayo hukoma, naye hana budi kujilipia. Hakikisha mchango haukatiki wakati huu anapouhitaji zaidi. Malipo ya saratani yana kikomo, kwa hivyo ulizeni hospitalini kiasi kilichobaki kabla ya kila tiba.

Kabla ya kuitisha harambee, keti na shemeji yako mwandike mahitaji yote: karo, kodi, chakula, dawa na nauli. Usidharau nauli. Mgonjwa anayesafiri mara kwa mara kwa tiba ya miale anaweza kuikatiza kwa kukosa pesa za matatu na mahali pa kulala. Wala msiharakishe kuuza ng'ombe au shamba kabla ya daktari kuwaeleza ugonjwa umefika wapi na tiba inalenga nini.

Hata ikiwa saratani imeenea, yako mengi ya kufanywa. Kijibomba kinaweza kuwekwa katika umio ili chakula kipite, na hospisi zina ujuzi wa kutuliza maumivu makali. Nairobi Hospice imefanya kazi hiyo tangu 1990.

Mwachie heshima yake

Mwanamume aliyezoea kulisha wengine huona aibu kulishwa. Msipange mambo yake nyuma ya mlango. Mpe daftari la michango aandike hesabu mwenyewe akiweza, na maamuzi ya tiba yawe yake.

Jioni ukimpigia simu, usimwulize tu, "U hali gani?" Atakujibu kwamba hajambo. Mwulize, "Leo umekula nini, na kimepita?" Akisita kujibu, panga safari ya hospitali kesho asubuhi.