Uchaguzi Ukikaribia: Linda Oda, Pesa, Simu na Wewe Mwenyewe



Leo siongei siasa, kila mtu na kura yake. Naongea mtaji. Sisi tunaouza mtandaoni tuna shida moja ambayo mwenye genge la nyanya hana: duka letu linaweza kufungwa bila mtu kugusa kufuli.

Tarehe 29 Oktoba 2025 tulipiga kura, na siku hiyohiyo intaneti ikazimika nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Dar es Salaam ikatangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Uganda nao yaliwakuta mwaka 2021: kura ilikuwa 14 Januari, intaneti ikakatwa jioni ya tarehe 13, ikarudi tarehe 18. Na hapa kwetu mwaka 2020, SMS za jumla zilisimamishwa kwa muda kuanzia 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba WhatsApp ikizima utawarushia wateja wote SMS kwa mpigo.

Kenya wanapiga kura 10 Agosti 2027. Kama unafuata mzigo Nairobi au una wateja huko, hili linakuhusu hata kama wewe huna kura ya kupiga.

1. Oda zilizolipwa ndiyo hatari namba moja

Mteja wa mtandaoni hakujui sura. Ametuma 45,000 yake, ghafla hupatikani WhatsApp. Hapo hawazi intaneti, anawaza kaibiwa. Mtandao ukirudi unakuta jina lako limeshaanikwa kila grupu.

Mimi nauza mikoba na viatu hapa Morogoro, mzigo nafuata Kariakoo. Uchaguzi ule ulinikuta na oda 11 zimelipwa, hazijafika kwa wenyewe. Kilichonisaidia ni daftari la kawaida la shule. Kila oda naandika jina, namba ya kupigia, bidhaa, kiasi alicholipa na mahali alipo. Nikakaa chini nikapiga simu mmoja mmoja. Kumi wakakubali kusubiri, mmoja akataka hela yake, nikamrudishia. Huyo aliyerudishiwa ndiye ananiletea wateja wengi sasa hivi.

Wiki mbili kabla ya kura, acha kupokea malipo ya mzigo ambao hauko mkononi. Uza kilichopo tu. Halafu watumie wateja ujumbe mapema, mfano:

"Habari dada/kaka. Wiki ya uchaguzi mtandao unaweza kusumbua. Nikipotea WhatsApp, nipigie kwa namba hii ya kawaida. Oda yako ipo kwenye daftari, na hela yako ipo salama."

2. Pesa usiiweke kapu moja

Menyu ya kubonyeza nyota, mfano *150*00# kwa wa M-Pesa, haitumii intaneti, kwa hiyo izoee kabla hujaihitaji. Wengi tumezoea programu tu, menyu hatuikumbuki. Lakini hata menyu isiwe tegemeo pekee: mtandao wa simu unaweza kuelemewa, wakala anaweza kufunga au kuishiwa floti. Toa mapema pesa taslimu ya chakula, nauli na dharura ya siku chache. Usitoe mtaji wote ukalala nao ndani, hiyo nayo ni hatari.

Nunua umeme wa LUKU mapema. Na wiki hiyo badala ya bando kubwa la intaneti, nunua dakika na SMS. Bando la intaneti mtandao ukizimwa ni sawa na maji kwenye pakacha.

Jihadhari pia na muamala feki. Mtandao ukisuasua, mjanja anakuonyesha skrinshoti: "Nimeshatuma bosi, kwako imechelewa tu." Angalia salio lako mwenyewe kwa menyu. Halijaongezeka, mzigo hautoki. Mteja wa kweli atasubiri.

3. Akaunti yako ni duka, ifunge

Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na Instagram leo, usisubiri Oktoba. Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu wa mtandao wako. Akiipata, anaingia kwenye WhatsApp yako, anawaandikia wateja wako kwa jina lako, "tuma kwenye namba hii." Hela inaenda kwake, lawama inabaki kwako.

Msimu wa uchaguzi viungo vinakuwa vingi: "pata GB za bure", "angalia matokeo hapa". Usibonyeze. Na usipakue VPN yoyote unayotumiwa kwenye grupu. Nyingine zinakusanya taarifa za simu yako, na hapa Tanzania matumizi ya VPN yana masharti ya TCRA, yasome kwanza.

4. Ukurasa wa duka usiugeuze jukwaa

Wateja wako ni wa vyama vyote. Lakini kubwa zaidi ni sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Piga hesabu, milioni 5 ni mabegi mangapi? Habari usiyoijua chanzo chake usiiweke stetasi.

Pia, akija mtu anataka kununua orodha ya namba za wateja wako ili atume ujumbe wa kampeni, mkatalie. Wamekupa namba kwa ajili ya viatu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu 1 Mei 2023.

5. Mzigo unarudi, mtu harudi

- Siku ya kura na za kusubiri matokeo, usitume bodaboda kwenda mbali. Kijana wa boda ana mama yake.
- Zikitulia, peleka mizigo mchana tu, na saa 10 jioni kila mtu awe kwake.
- Kabla hajaondoka, mpigie mteja umuulize hali ya mtaa wake. Akisita, ahirisha.
- Ukiona mkusanyiko, geuza njia. Usisimame kurekodi.
- Hamisha bidhaa za bei kubwa kutoka dukani mapema, zigawe sehemu mbili.
- Andika kwenye karatasi namba tano za muhimu. Simu ikipotea, kichwa hakikumbuki.

Mteja akilalamika mzigo umechelewa, mwambie ukweli: "Sijataka kumtuma mtu kwenye hatari kwa ajili ya begi." Bado sijapata mteja wa kulikataa hilo.

Anza na daftari leo usiku. Kaa uandike oda zote zilizolipwa na namba za kupigia, ukimaliza mtumie somo hili muuzaji mwenzako mmoja.