Jiko linaporudisha moshi, angalia bomba kwanza

Katika ziara zetu kwenye milima ya Lubero tunasikia neno hili kila mara: "Lile jiko la udongo mlitufundisha ni la uongo, moshi inarudi ndani." Mama mmoja alikuwa amekwisha kubomoa upande wa jiko lake, akarudia mafiga matatu. Tulipoangalia, udongo ulikuwa muzuri kabisa. Kosa lilikuwa kule juu: bomba ya moshi ilikatwa chini ya kilele cha paa ili kupunguza bei ya manjanja. Kila upepo ulipovuka paa, ulisukuma moshi chini.

Tuelezane basi namna bomba inavuta. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda ndani ya bomba, hewa baridi inaingia kwa mdomo wa kuni ili kujaza nafasi yake. Huo ndio mvuto. Bomba ikiwa ndefu na yenye joto, mvuto unaongezeka. Ikiwa fupi, nyembamba sana ao yenye kona nyingi, unapungua. Kwa jiko la sufuria mbili, upana wa sentimeta 10 mpaka 15 unatosha, na bomba ipite kilele cha paa kwa sentimeta 60 hivi. Kama paa ni ya majani, bomba isiguse majani hata kidogo. Iache nafasi, uizungushie udongo.

Asubuhi bomba ingali baridi, haivuti. Hilo si kosa la fundi. Washa kwanza majani makavu kidogo karibu na mwanzo wa bomba, ipate joto, kisha ndipo uwashe kuni.

Kupima mvuto hakuombi chombo. Chukua kijiti kinachotoa moshi, ukiweke karibu na mdomo wa kuni. Moshi ikiingia polepole bila kusita, ni vizuri. Ikirudi usoni mwako, tafuta sababu: masizi yamejaa, udongo umepasuka, sufuria haikai sawasawa kwenye tundu, ao mlango na dirisha vyote vimefungwa. Bomba haiwezi kutoa hewa kama hakuna hewa inayoingia! Watu wengi wanasahau hiyo.

Na mvuto ukizidi? Utaona ulimi wa moto unakimbilia bomba, kuni zinaisha mbio na maharagi hayajaiva. Hapo unatumia kile kipande cha bati kinachoingia kwenye bomba. Kisukume kidogo kidogo mpaka moto utulie chini ya sufuria, kisha rudia kupima na kijiti, maana ukifunga kupita kiasi moshi itarudi. Sisi tunashauri kukata kona ya ile bati, ili hata mtoto akiisukuma yote, njia ya moshi isizibe.

Juu ya nini tunakaza hivyo? Sababu makaa yanayoendelea kuwaka bila moshi yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Huku kwetu baridi ni kali, na kuna watu wanafunga njia ya bomba usiku ili joto libaki. Wengine wanaingiza mbabula ya makala chumbani na kufunga mlango. Hiyo inaua watu wakiwa usingizini. Kama wawili watatu nyumbani wanaumwa kichwa pamoja, wanasikia kizunguzungu ao kutapika, usianze kutafuta dawa ya malaria. Toeni kila mtu nje kwanza, fungueni milango, kisha mwende kwenye kituo cha afya.

Masizi yasafishwe kila mwezi, jiko likiwa baridi. Funga gunia kuukuu kwa kamba yenye jiwe, mmoja alishushe kutoka juu, mwingine avute chini. Wakati wa mvua kuni zinakuwa mbichi na masizi yanajaa upesi. Hapo angalia kila juma mbili.