Wasaidizi wa Kisheria na Kazi Inayotangulia Mahakama

Ukitaja msaada wa kisheria, wengi humwona wakili mwenye joho akimtetea mnyonge mbele ya hakimu. Mawakili wa namna hiyo wapo na tunawahitaji. Lakini mashauri mengi ya mirathi, ardhi, ndoa na matunzo ya watoto katika vijiji vya Tanzania huharibika kabla hakimu hajayaona. Makubaliano hayakuandikwa, shahidi amehama, muda umepita, au shauri limefunguliwa mahali pasipostahili. Shauri likishafika mahakamani katika hali hiyo, hata wakili hodari huwa na machache ya kuokoa. Kituo cha wasaidizi wa kisheria kipo kwa ajili ya kipindi hicho cha mwanzo. Mara nyingi ni chumba kimoja tu chenye meza, benchi na daftari la wateja, na wanaokaa humo ni wakulima, walimu wastaafu na wafanyabiashara ndogondogo waliopewa mafunzo na wanaofanya kazi bila mshahara. Naamini thamani ya vituo hivi iko katika kuwahi, na kwamba tunavidhoofisha tunapodhani kuwa kazi ya kujitolea haina gharama.

Tuangalie mirathi, kwa sababu ndiko mtu hupoteza kila kitu bila kujua alikosea wapi. Mwanamume amefariki, ameacha nyumba, shamba na akiba benki. Ukoo unakaa kikao, unamteua kaka wa marehemu, na kuanzia siku hiyo mjane anaambiwa kwamba mali sasa iko mikononi mwa shemeji. Kisheria si hivyo. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na msimamizi huyo hageuki kuwa mmiliki, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Msaidizi wa kisheria humweleza mjane hayo mapema, kisha hukaa naye wapange nyaraka: cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili), uthibitisho wa ndoa, muhtasari wa kikao, orodha ya warithi isiyomwacha mtoto yeyote nje. Humwuliza pia swali ambalo wengi hawalifikirii, yaani marehemu aliishi kwa kufuata taratibu zipi. Kama maisha yake yalifuata mila au sheria ya Kiislamu, shauri huenda mahakama ya mwanzo. Kama alikuwa Mkristo aliyeishi nje ya mila, mahakama hiyo haina mamlaka. Anayekosea mlango anaweza kuhangaika muda mrefu, akapata uteuzi, kisha uteuzi huo ukafutwa. Na hata uteuzi ukiwa halali kazi haijaisha. Katika mahakama ya mwanzo msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe Fomu namba 5 inayoorodhesha mali na madeni, na baadaye Fomu namba 6 ya hesabu. Wajane wengi hawajui kwamba wana haki ya kuuliza fomu hizo ziko wapi. Mtu mmoja wa jirani anayejua, na anayeweza kumsindikiza hadi kwa karani, hubadili mwelekeo wa shauri zima.

Katika ardhi hali ni hiyo hiyo, tena imezidi kuchanganya tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021. Zamani baraza la kata liliweza kusikiliza mgogoro wa ardhi na kutoa uamuzi. Sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, linathibitisha hivyo ili mlalamikaji aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na likikaa siku 30 bila kufikia suluhu, anaruhusiwa kuendelea bila uthibitisho huo. Bado wapo wanaosubiri hukumu ya kata isiyokuja, huku jirani akiendelea kulima mpaka ng'ambo ya alama. Ndoa nayo ina mambo yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo una zaidi ya miaka 40. Kwa mwanamke anayefukuzwa leo bila hata sufuria, hauna maana yoyote mpaka atokee mtu wa kumwambia kwamba upo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya vituo hivi hutoka kwa wanasheria wenyewe: tunawapa watu wenye mafunzo mafupi mambo mazito, na tunafuga mawakili vishoka. Hofu hiyo ina msingi, kwani vishoka wapo na wanawaumiza watu kila siku. Lakini kishoka hustawi pale ambapo hakuna wa kuulizwa bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 1 ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi hawa na kuwawekea mipaka: wasajiliwe, wasitoze ada, wasisimame mahakamani kama mawakili. Wanaelimisha, wanaelekeza, wanasuluhisha. Mwananchi aliyeambiwa hayo anajua pia la kufanya akidaiwa pesa ya "kufungua faili". Halafu tukumbuke kwamba kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo, ambako watu wa kawaida hupeleka mashauri yao. Pengo ambalo wasaidizi wanaliziba wao hawakulitengeneza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipunguza uzito. Usuluhishi wa karibu unaweza kuwa njia ya kufukia ukatili. Binti amebakwa, wazee wanakaa, faini inalipwa, familia zinapeana mikono, na kituo kinaandika daftarini kuwa mgogoro umekwisha. Huo si usuluhishi hata kidogo. Kubaka ni jinai, na jinai ya namna hiyo haimalizwi kwenye benchi la kituo. Kazi ya msaidizi ni kuhakikisha aliyeumizwa anafika haraka kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, anapata fomu ya PF3 na kutibiwa kabla ushahidi haujapotea. Kituo kinachojisifu kwa wingi wa migogoro kiliyoisuluhisha kinapaswa kuulizwa ni migogoro ya aina gani. Kwa hiyo nina shaka na mafanikio yanayopimwa kwa idadi peke yake. Ripoti nzuri itaje pia mashauri ambayo kituo kilikataa kuyasuluhisha na kikayapeleka panapostahili.

Wapo pia wanaosema kwamba serikali sasa ina Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, kwa hiyo vituo vya kujitolea vimepitwa na wakati. Kampeni hiyo imewafikia watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja na mwanasheria, na inastahili sifa. Ila kampeni hufika na kuondoka, na mirathi huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Timu ikisharudi makao makuu, atakayemkumbusha mjane tarehe ya kurudi mahakamani ni msaidizi anayeishi naye kijiji kimoja. Kampeni yenyewe humhitaji ili ijue ianzie kwa nani.

Tatizo ni kwamba msaidizi huyo analipa nauli ya bodaboda kutoka mfukoni mwake, ananunua vocha ya simu, anapiga fotokopi kwa pesa ya mboga. Anavumilia mwaka wa kwanza na wa pili, kisha anarudi shambani kwake na ujuzi wote anaondoka nao. Mimi sidai apewe mshahara; ukimlipa kama mtumishi, wanakijiji nao watamwona mtu wa ofisi, na imani iliyowaleta kwake itapungua. Ninachodai ni kwamba kujitolea kuwe kwa muda na maarifa yake, kusiwe kwa chakula cha watoto wake. Madiwani wanaokaa kupitisha bajeti ya halmashauri wanaweza kulimaliza hili kwa fedha kidogo: chumba chenye kufuli, kabati la mafaili, karatasi, na nauli ya kumsindikiza mteja hadi wilayani. Waliweke katika bajeti ijayo, na wananchi waulize katika mkutano wa kijiji kama limewekwa.