Mtu wa Mlimani Kwenye Mdomo wa Tana

Kijana wa Kianjokoma akipata ajira ya serikali, jamaa huuliza mambo mawili: mshahara ni kiasi gani, na ni wapi. Ikiwa ni Kerugoya, Chuka au Nairobi, chai humiminwa na mazungumzo huendelea. Ikiwa ni Tana River au Lamu, watu hutazamana kwanza. Kisha shangazi mmoja huanza kuhesabu vidoleni: joto, mbu, mafuriko, al-Shabaab, majini.

Hofu ya shangazi ina sababu zake, lakini haihusu mambo ambayo kweli humsumbua mgeni. Joto huzoeleka. Chandarua huzuia mbu. Kinachomchosha mtu wa mlimani akihamia kijiji kitulivu cha pwani ni adabu: nani huanza kusalimu, nani hapewi mkono, sahani ya jirani hurudishwaje, na kwa nini hakuna anayeshughulika na jambo lililokuleta kabla hamjamaliza kujuliana hali. Kuna walimu, wauguzi na makarani waliokaa miaka kumi pwani na hadi leo wanaishi kama abiria wanaosubiri basi.

Nitatumia mfano wa Kipini, kwa kuwa kati yake na Kianjokoma kuna uhusiano ambao watu wa pande zote mbili huusahau. Mito ya Embu, yaani Rupingazi, Ena na Thuci, hushuka kutoka Mlima Kenya na kuishia Tana. Tana hupita Garissa, Hola na Garsen, halafu huingia Bahari ya Hindi hapo Kipini. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, mkulima wa chai wa Kianjokoma hushukuru. Siku kadhaa baadaye mkulima wa Kipokomo kule deltani huhamishia watoto na mbegu mahali pa juu. Ni maji yale yale.

Kianjokoma yenyewe iko Embu Kaskazini, karibu na msitu wa mlima. Juu kuna chai, chini kidogo kahawa, na kati yake ndizi, viazi vikuu, nduma na ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Majani huchumwa kwa mkono, hupimwa kituoni na kufikishwa siku hiyo hiyo kwenye viwanda kama Kathangariri na Mungania. Bonasi ya mwaka ikitoka, ndipo karo hulipwa, mabati hununuliwa na madeni ya dukani hufutwa. Shamba la babu liligawanywa kwa baba na ndugu zake, na la baba likagawanywa tena; kijana wa leo akipata robo eka ana bahati. Basi elimu ndiyo shamba jipya, na ndiyo sababu Waembu wamesambaa Kenya nzima wakiwa na chaki mkononi.

Utaratibu wa kumuaga anayeondoka bado una sura ya zamani. Wazee wa kale walisali kwa Ngai wakielekea mlima, na baraka ya mzee ilitolewa pamoja na mate kidogo, ishara kwamba anatoa kitu cha ndani yake. Leo mchungaji ndiye huombea safari, lakini bado utamwona nyanya akishika mikono ya mjukuu na kuipulizia. Mtoto huyo ana jina la mtu: mwana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, kisha upande wa mama hufuata. Anayekwenda Kipini kwa hiyo haendi peke yake. Anambeba Njeru au Muthoni wa zamani, na akiaibika huko atakuwa amemwaibisha na marehemu.

Tume ya kuajiri walimu, TSC, imepeleka watu mbali kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ilianza kuwahamisha kwa wingi wakuu wa shule nje ya kaunti zao, malalamiko yakawa makubwa, na baadaye sera hiyo ikalegezwa. Tana River na Lamu huhesabiwa kuwa sehemu za mazingira magumu, na mtumishi hulipwa posho kwa ajili hiyo. Nadhani posho hiyo, pamoja na wema wake, huwaharibu wengi kabla hawajafika. Mtu aliyeambiwa na hati ya mshahara kwamba anakwenda kuteseka atatafuta mateso hadi ayapate.

Safari hupitia Mombasa na Malindi, halafu Garsen. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti ya Lamu, mnamo Juni 2014, mabasi ya njia hii yalisindikizwa na polisi kwa muda mrefu. Unaiacha barabara kuu na kushuka pwani, minazi na miembe inaongezeka, hewa inanuka chumvi. Kijiji ni kidogo, ila kina historia ndefu. Waingereza na Wajerumani walipopimiana pwani mwaka 1886 na kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi, Kipini ndiyo iliyotajwa kuwa ncha ya kaskazini ya ukanda huo. Magofu ya Ungwana hayako mbali. Wenyeji ni Waswahili na Wabajuni wenye bahari, Wapokomo wenye mto, Waorma wenye ng'ombe, na Wagiriama waliopanda kutoka kusini.

Sasa salamu. Mtu wa bara husema "habari" akiwa tayari ametoa karatasi mfukoni. Pwani, mdogo humwambia mkubwa shikamoo na kungoja marahaba. Asubuhi ni sabalkheri, jioni masalkheri. Halafu huja habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, za safari. Baada ya hapo ndipo unaulizwa una shida gani. Kwa mtu wa Kianjokoma aliyezoea kituo cha majani chai, ambako foleni ni ndefu na karani ana mizani moja, huu huonekana kuwa upotezaji wa muda. Wenyeji nao humwona mtu asiyelelewa. Na mkono! Kwetu kila mtu hupewa mkono, mtoto hadi mzee, na kumruka mtu ni matusi. Kipini mwanamume hampi mkono mwanamke wa Kiislamu asiye maharimu yake. Huweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. Afisa kijana aliyenyoosha mkono na kuachwa hewani atasema amedharauliwa, ilhali ameheshimiwa kwa njia asiyoijua.

Majina yatamfurahisha haraka. Kwao mama huitwa kwa jina la mtoto, Mama Njeru. Kipini yuko Mama Khadija. Mwalimu ni mwalimu tu kila mahali, hata sokoni.

Chakula ni habari nyingine. Watu wa mlimani hawakuwa walaji wa samaki, na wapo wazee wa Embu ambao hadi leo humtazama samaki kama nyoka. Kijana wao anafika mahali ambapo wali ni wa nazi, mchuzi ni wa samaki, na kahawa huuzwa kwa vikombe vidogo jioni. Anaomba chai, anapewa turungi, chai kavu yenye tangawizi au iliki. Analalamika kuwa haina maziwa. Laiti angejua kwamba majani ya kwao hupelekwa Mombasa kila wiki kupigwa mnada, na kwamba pwani ilikuwa ikijua thamani yake mapema kuliko yeye.

Kisha Ramadhani inaingia. Mji unapungua sauti mchana, na mgeni asiyefunga hujifunza kula ndani ya nyumba yake. Jua linapotua, mtoto wa jirani hubisha hodi na sahani iliyofunikwa kwa kawa: mbaazi, mahamri, kaimati, pengine tambi. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanakula, wanaosha sahani vizuri sana, wanairudisha ikiwa tupu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Weka ndizi, weka sukari, weka chochote. Ajabu ni kwamba mtu wa Kianjokoma anaijua sheria hii tangu utotoni: mgeni akija na kiondo chenye unga au ndizi, kiondo hurudi na kitu ndani, hata kama ni viazi vitano. Amesahau tu kuwa sahani na kiondo ni ndugu.

Msiba ndio hututofautisha zaidi. Embu, mtu akifa, mwili hupelekwa mochari na ukoo hukutana jioni baada ya jioni kupanga. Kuna kamati, mweka hazina, kundi la WhatsApp la mchango, matangazo ya redio, picha ya marehemu kwenye kijitabu cha ibada. Wiki nzima au zaidi hupita, na hilo si uvivu. Ni nafasi ya watoto walioko mbali kufika na ya ukoo kuonekana umesimama. Kipini, Muislamu akifa alfajiri huenda akazikwa adhuhuri. Tanzia hutangazwa msikitini, kaburi huchimbwa, sanda hukatwa, jeneza hubebwa na wanaume wakipokezana mabega. Mgeni aliyeambiwa saa tatu kwamba jirani amefariki, akajisemea ataenda Jumamosi, atakuta hitima imekwisha na jina lake limekwisha pia. Unaacha ulichokuwa ukifanya na kwenda. Asiye Muislamu hahitaji kujua dua. Asimame nyuma, atembee na wenzake, aende kukaa kwenye mkeka wa matanga. Watakumbuka kwamba alikuja. Mimi naona pwani imetushinda hapa. Mazishi yetu ya bara yamegeuka mzigo wa madeni, na wapo wajane Embu ambao bonasi ya mwaka mzima imeishia kwenye jeneza la kioo na hema.

Maneno ya kwamba watu wa pwani ni wavivu yanastahili kujibiwa na mtu wa bara mwenyewe. Mwalimu humwona mvuvi amelala chini ya mwembe saa sita mchana na kutoa hukumu. Hakumwona alipoingia majini usiku wa manane, kwa kuwa alikuwa amelala yeye. Bahari ina ratiba yake: bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi. Kusi ikivuma, mashua ndogo hazitoki ovyo, na hapo ndipo nyavu hushonwa na madeni huongezeka. Kule Ozi, jirani na Kipini, wakulima wamelima mpunga kwa kutegemea maji baridi ya mto yanayosukumwa mashambani na bahari inapojaa. Siku hizi chumvi imepanda mtoni na mashamba mengi yameharibika. Anayeweza kulima kwa kuhesabu mwezi na mawimbi si mvivu.

Watu wa pwani nao wana yao dhidi yetu: wabara wana haraka, wakali, wanapenda pesa, na wanakuja kuchukua ardhi. La mwisho lisichekwe. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha wenyeji wengi wa pwani wakiwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na baada ya uhuru skimu kama ile ya Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, zilileta familia nyingi kutoka bara. Kwa hiyo kijana wa Kianjokoma, ambaye kwa njaa ya ardhi ya kwao huuliza bei ya ploti kabla hata hajajua jina la imamu, anagusa kidonda. Mei 2024 uhusiano ulichacha zaidi, gavana wa Mombasa na mwenzake wa Kilifi walipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayotoka Embu, na mahakama ya Embu ikasitisha amri hizo. Mwezi ule Mwembu yeyote aliyekuwa pwani aligeuzwa wakili wa muguka, hata asiyewahi kuutafuna. Mama wa Mombasa aliyemwona mwanawe akiacha shule kwa ajili ya majani hayo alikuwa na haki ya kusikilizwa, kama vile mkulima wa Mbeere huko Embu anayesomesha kwa majani hayo hayo.

Mila ya Embu ilikuwa na mahali pa mgeni. Aliyeomba shamba kwa ukoo alipewa sehemu ya kulima, akaleta pombe ya asali, akashiriki kazi na misiba, na kwa muda watoto wake wakawa watu wa hapo. Alichotakiwa ni kuwa mnyenyekevu na kutojifanya mwenye nyumba. Wapokomo wana Gasa, baraza lao la wazee, na Waembu wana Nyangi Ndiiriri. Mgeni wa kweli angetambulishwa kwa wazee kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Kijana wetu leo hujitambulisha kwa mwajiri na kwa wakala wa M-Pesa, basi. Anasahau pia kwamba wimbo wa taifa alioimba kila gwaride uwanjani Kianjokoma, uliopo tangu mwaka 1963, sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Amekuwa akibembelezwa na watu hawa maisha yake yote.

Kwa hiyo ukipangiwa Kipini, Faza, Vanga au kijiji chochote cha namna hiyo, beba kilo mbili za chai ya kwenu na uzigawe. Nenda kwa mzee wa mtaa na kwa imamu kabla ya kutafuta chumba. Usiulize bei ya ploti mwaka wa kwanza. Nanyi wazazi wa Kianjokoma, msingoje barua ya uhamisho. Mtembeleeni mtoto mara moja shule zikifungwa, mkae naye barazani, mwonekane. Huko mtu ambaye jamaa zake hawajawahi kuonekana huhesabiwa kuwa bado hajafika.